Injinia Aliyebakisha Somo Moja

Abdulnasser Sharif hakuwahi kumwambia mtu yeyote, kwa kinywa chake, kwamba ana digrii. Hilo alilisema mbele ya mkewe, akalisema mbele ya Mohamud mwenye duka, na angelisema mbele ya kadhi kama angeitwa. Alichofanya ni kupiga picha tu. Siku binamu yake alipohitimu kule Mombasa, Abdulnasser alikwenda kumpongeza. Binamu alipovua joho ili ale pilau bila kulimwagia mafuta, Abdulnasser akalivaa, akasimama kando ya maua na kutabasamu kama mtu aliyemaliza kila kitu duniani. Picha ikafika kwao Kipini kabla yake. Mama yake akaitundika sebuleni juu ya televisheni, akaita majirani, akapika. Mwana alipofika nyumbani alipokewa kwa vigelegele mpaka mlangoni.

"Ndoo ule, injinia wangu," mama alimwita chakulani. Naye akaenda akala. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Ukweli ni kwamba alikuwa amefaulu masomo yote ya shahada yake ya kompyuta isipokuwa moja: Usimamizi na Uchumi wa Programu. Somo lenyewe si la kutisha. Linahusu kukadiria kazi ya kuunda programu itachukua muda gani, itakula fedha kiasi gani, na ikichelewa alaumiwe nani. Abdulnasser alilidharau. Mara ya kwanza aliingia mtihanini bila kusoma, kwa imani kwamba mtu aliyelelewa na mama muuza samaki anajua uchumi wa kutosha. Akaanguka. Mara ya pili alisoma kwa bidii sana, ila kitabu alichosoma kilikuwa cha somo jingine. Akaanguka tena. Kisha akaoa, akapata kazi Garsen, na miaka ikajipitia bila kumuuliza.

Kazi aliyopata ilikuwa ya fundi wa kompyuta katika chama cha ushirika cha wafugaji. Ilitaka stashahada, na stashahada alikuwa nayo halali kabisa, kwa hiyo katika hilo hakumwibia mtu. Lakini ile picha ilikuwa imeshazunguka kwenye simu za watu, na mji ulikuwa na njaa ya injinia. Printa ikikwama, aitwe Injinia. Simu ya imamu ikizima, aitwe Injinia. Hata pampu ya maji ilipokataa kuvuta, watu walimfuata. Akaizunguka pampu mara kadhaa mikono ikiwa nyuma, akaigonga kwa kidole, akasema, "Hii inataka spea kutoka Nairobi." Hakujua lolote kuhusu pampu, lakini ikatokea kwamba kweli ilitaka spea kutoka Nairobi, na heshima yake ikapanda ghorofa nyingine.

Aliyejua mambo yote ni mkewe, Nuriya. Juma la harusi alikuwa ameomba cheti cha mumewe akakipeleke kuwekewa plastiki kisiharibiwe na unyevu. Abdulnasser akakaa kitandani, akatazama sakafu, akamwambia.

"Kwa hiyo nimeolewa na picha," Nuriya alisema.

Hakumwambia mtu. Siri ile aliitumia kama pilipili: kidogo kidogo, na kila mlo.

Mambo yalianza kuchemka mwaka ule wa mvua kubwa. Kwanza, chuo kilitangaza kwamba mwanafunzi yeyote wa zamani aliyebakiza somo alifanye muhula huo, la sivyo yote aliyofaulu yafutwe. Pili, Susan, meneja wa ushirika, mama wa maneno machache na miwani mikubwa, alisimama kwenye mkutano wa wafanyakazi akasema ushirika utaletewa programu mpya ya kusajili mifugo wa mnada, na mkuu wa kitengo cha programu hiyo atakuwa mtu mwenye digrii.

"Tunashukuru Mungu tunaye Injinia wetu," akaongeza. Watu wakapiga makofi. Abdulnasser naye akapiga, maana hakujua mikono aiweke wapi.

Jioni hiyo alijiandikisha kufanya mtihani. Kituo akachagua Malindi, ambako hakuna anayemjua isipokuwa shangazi mmoja asiyeona vizuri.

Angesoma kimya kimya, akafanye mtihani kimya kimya, arudi, na dunia isijue. Mpango mzuri. Shida ni kwamba kila alipofungua maandishi ya somo, usingizi ulimkamata kabla ya ukurasa wa pili. Nuriya alikuwa akimkuta sebuleni na kitabu kifuani kama maiti aliyefunikwa kwa haraka.

Wakati huo ndipo alipokuja Mohamud.

Mohamud alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, na alikuwa pia na duka la jumla karibu na stendi. Mwili mkubwa, sauti ndogo. Alimkuta Abdulnasser ofisini, akakaa kwenye kiti kilicholalamika, akasema:

"Injinia, binti yangu Hibaq anasoma chuo kwa simu na kompyuta. Ana mtihani wake wa mwisho. Jina lake refu. Usimamizi na uchumi wa kitu gani sijui."

"Wa programu," Abdulnasser akamalizia.

"Hiyo hiyo! Wewe si ulisoma hiyo?"

"Nimeisoma," Abdulnasser alisema, na huo ulikuwa ukweli. "Nimeisoma sana."

"Basi mfundishe. Pesa nikikupa utakataa, wewe mtu wa heshima. Nitaleta maziwa ya ngamia kwako kila asubuhi mpaka siku ya mtihani."

Angeweza kukataa. Alikuwa na sababu tele: kazi nyingi, mgongo, mvua. Lakini alifikiri kwamba mwalimu hulazimika kusoma kabla ya kufundisha, na labda aibu ingefanya kazi ambayo hofu ilishindwa. Akauliza tu binti atafanyia mtihani wapi. Mohamud akasema Hola, ambako ana shangazi yake. Hola upande ule, Malindi upande huu. Abdulnasser akanyoosha mkono, wakakubaliana.

"Utamfundisha nini?" Nuriya alimuuliza usiku ule. "Namna ya kuanguka?"

Somo la kwanza lilifanyika baada ya alasiri katika stoo nyuma ya duka, katikati ya magunia ya sukari na mitungi ya mafuta. Hibaq alikuwa amekaa upande mmoja na laptopu yake: msichana wa miaka ishirini na kitu, miwani, maneno ya haraka. Abdulnasser akapewa kiti upande wa pili. Na katikati yao, juu ya mkeka, akakaa Lul, mama yake Mohamud, nyanya yake Hibaq, tasbihi mkononi na macho kwenye vidole vya Abdulnasser. Mwanamume na msichana hawaachwi peke yao na kompyuta, alisema Lul, na vikao vyote alihudhuria.

"Mwalimu," Hibaq akaanza, "naomba unieleze tofauti ya kukadiria mradi kwa kutazama miradi iliyopita, na kukadiria kwa kuigawa kazi vipande vipande."

Nzi akatua kwenye gunia. Abdulnasser akakohoa, akatazama dari, na pale kwenye dari, kati ya utando wa buibui na nyaya za umeme, akaona wokovu wake.

"Kabla sijakueleza," alisema polepole, "nieleze wewe unavyoelewa."

Hibaq akaeleza. Akaeleza vizuri, kwa mifano, hadi mtu angeelewa hata akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Abdulnasser alikuwa akitikisa kichwa na kuandika.

"Vizuri. Na kwa nini iwe hivyo?"

Hibaq akaeleza kwa nini. Abdulnasser akaandika zaidi. Alitoka stoo ile akiwa mtu mwepesi. Kumbe ualimu ni kazi rahisi hivi! Hakuelewa walimu huwa wanagomea nini.

Basi ikawa hivyo kila siku. Yeye anauliza, Hibaq anafundisha, Lul analinda. Na msichana yule alikuwa na kipaji, ingawa mwenyewe alidhani anajibu maswali tu. Siku walipofika kwenye kanuni kwamba ukiongeza watu kwenye mradi uliochelewa unauchelewesha zaidi, Hibaq alimkumbusha nyanya yake harusi ya binti wa shangazi.

"Biriani lilichelewa, wakaita wanawake wengine sita kusaidia. Kila mmoja akitaka kuambiwa kimefanywa nini na bado nini, na kila mmoja ana maoni yake juu ya chumvi. Wageni wakala alasiri."

"Uongo," Lul akadakia. "Chakula kilichelewa kwa sababu gesi iliisha."

"Ayeyo, gesi iliisha kwa sababu ya kuchelewa," Hibaq akamjibu nyanya yake.

"Na wale wanawake niliwaita mimi!"

Mjadala ukaenda mpaka adhana ya magharibi. Abdulnasser akaandika: watu wapya, maelezo mapya, chumvi.

Siku ya gharama iliyozama, yaani fedha ambazo zimeshatumika na hazirudi, na ambazo mtu mwenye akili hazihesabu anapoamua kuendelea au kuacha, Hibaq alitoa mfano wa mjomba wake Liban. Mjomba huyo alikuwa na lori bovu, na kila mwaka alilitengeneza kwa sababu moja tu: mwaka uliotangulia alilitengeneza pia.

"Lori lile litapona," alisema Lul.

Na siku Hibaq aliposoma kwamba gharama kubwa ya programu si kuiunda bali ni kuitunza baada ya kuanza kutumika, Lul aliguna, "Kama mume," akamtazama Abdulnasser kutoka juu hadi chini kana kwamba anahesabu matengenezo.

Vita kuu ilizuka siku ya kupima thamani ya leo ya fedha za kesho. Hibaq alikuwa akieleza kwamba shilingi ya mwaka kesho haina uzito wa shilingi ya leo, na kwamba kuna asilimia ya kupunguza, ndipo Lul alipoiweka tasbihi chini.

"Hiyo ni riba."

"Si riba, ayeyo, ni hesabu ya mtihani."

"Pesa inabadilika kwa sababu ya muda tu? Hiyo ni riba. Injinia, hii ni riba au si riba?"

Abdulnasser, ambaye hakuwa na uhakika ni nini, alisema suala hilo lina mitazamo mingi. Lul akamwita Mohamud kutoka dukani. Mohamud akaja na kisu cha kufungulia magunia, akasikiliza pande zote, akafikiri sana.

"Mtihani si mkopo," akahukumu. "Aandike jibu. Asiile tu hiyo riba."

Maziwa yakaendelea kuja. Nuriya akanawiri, na hata pilipili zake zikapungua makali. Abdulnasser naye, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuliogopa somo lile, aliona maneno yake yanakaa kichwani. Akawa anatembea mjini akikadiria vitu. Alimkadiria kinyozi wake. Alimkadiria fundi aliyekuwa akijenga choo cha jirani, akamwambia kazi itachelewa maradufu, na fundi akakasirika, na choo kikachelewa maradufu.

Kisha mto ukafura. Mvua ilikuwa imenyesha bara kwa majuma, na maji yakaja yote kwa pamoja kama wageni wa matanga. Mashamba ya vijiji vya Wema na Kulesa yakalala chini ya maji, migomba ikabaki vichwa tu. Watu wakahamia kando ya lami kwenye mwinuko, na magodoro, kuku na masufuria yao. Mohamud akafungua duka na kupeleka unga, na kwa siku kadhaa hapakuwa na somo, maana wote walikuwa wakibeba magunia, Abdulnasser akiwa mmoja wao. Barabara ya Hola ikakatika. Siku iliyofuata maji yakavuka lami upande wa Malindi pia.

Waliporudi stooni, Hibaq alikuwa na wasiwasi.

"Nitafikaje Hola, mwalimu?"

"Mungu atafungua njia," alisema Abdulnasser, ambaye swali lile lile la upande wa Malindi lilikuwa limemkosesha hamu ya chakula.

Hapo simu ya Hibaq ikalia. Na papo hapo, mlio ule ule, ikalia ya Abdulnasser.

Hibaq akasoma yake kwa sauti. "Kwa sababu ya mafuriko, watahiniwa wote wanaoishi eneo la Garsen watafanyia mtihani Garsen, katika ukumbi..." Akaruka kwa furaha. "Alhamdulillahi! Mwalimu, wameuleta mpaka hapa hapa!"

"Na yako inasema nini?" Lul akamuuliza Abdulnasser.

"Ni mke wangu," alisema Abdulnasser, akiifunika simu kwa kiganja. "Anataka vitunguu."

Nyumbani alimwambia Nuriya kwamba anaona ataugua siku ya mtihani.

"Ugonjwa gani?"

"Tumbo."

Nuriya alikuwa akikuna nazi. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikaanza kulia, kisha akasema, "Sikiliza, bwana. Usipokwenda utabaki mjinga kwa siri. Ukienda utakuwa mjinga hadharani, lakini mwenye digrii. Mimi nimechoka na siri. Inanuka ndani ya nyumba kama panya aliyefia darini. Nenda."

"Na Mohamud?"

"Mohamud atakuchinja au hatakuchinja. Hiyo haimo kwenye mtihani."

Ukumbi waliopewa ulikuwa umefanyiwa harusi mwishoni mwa juma, na hakuna aliyetoa mapambo. Maputo yaliyokonda yalining'inia juu ya madawati, na ukutani herufi za dhahabu ziliwatakia bwana na bibi harusi maisha mema. Msimamizi alikuwa Mwaringa, mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu asiyecheka. Masomo mbalimbali yalikuwa na watahiniwa wake. Somo la Usimamizi na Uchumi wa Programu lilikuwa na madawati mawili tu, yamewekwa bega kwa bega.

Abdulnasser alikuwa amesimama mlangoni na kalamu mbili na rula, akiomba Mungu ardhi ipasuke, ndipo Hibaq alipofika.

"Mwalimu!" Uso wake uling'aa. "Umekuja kunitakia heri? Umeniletea na kalamu!"

Abdulnasser akaificha rula nyuma ya mgongo.

"Watahiniwa wa Usimamizi na Uchumi wa Programu wakae," Mwaringa akaita. "Hibaq Mohamud. Abdulnasser Sharif."

"Mwalimu," Hibaq akanong'ona akicheka, "kuna mtu ana jina lako."

Abdulnasser akaenda akakaa.

Hibaq alibaki amesimama. Cheko lilimtoka usoni taratibu, kama maji yanayonyweka mchangani. Akatazama dawati, akamtazama aliyekaa, akatazama ile rula. Mwaringa naye akashusha miwani.

"Injinia? Wewe si ulishamaliza?"

"Nakamilisha," Abdulnasser alisema.

"Unakamilisha nini?"

"Nakamilisha tu."

Karatasi zikagawiwa. Abdulnasser aliifunua ya kwake, na swali la kwanza likauliza kuhusu meneja anayetaka kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa. Akaona wanawake sita na chumvi. Akaandika. Swali lililofuata lilihusu mradi ambao umekula fedha nyingi na hauna matumaini, na akaona lori la mjomba Liban limesimama mbele yake bila magurudumu. Akaandika. Hata ile hesabu ya fedha za kesho aliifanya, akisikia sauti ya Lul ikimlaani kwa kila asilimia. Alikuwa anajua. Yaani anajua kweli, si kukisia. Ila kila jibu lilimjia kwa sauti ya Hibaq, na Hibaq mwenyewe alikuwa hapo kando yake, kalamu yake ikikwaruza karatasi kana kwamba inaidai, na hakumgeukia hata mara moja. Raha na aibu vilimpanda Abdulnasser kwa pamoja, na puto moja likapasuka juu yake, naye akapiga kelele, na Mwaringa akamwonya.

Nje, Hibaq alikuwa anamngojea.

"Umenifanya punda," alisema.

"Umenifundisha, Hibaq. Wallahi hakuna mtu aliyewahi—"

"Najua nimekufundisha! Sasa ndiyo najua! Mimi nilidhani wewe ndiye unayenifundisha!"

"Lakini mtihani umeuweza?"

"Nimeuweza kwa sababu nimeueleza mpaka nimekauka koo!"

"Basi si—"

"Usiniambie basi!" Machozi yalikuwa yamemlenga, na hilo lilimuumiza Abdulnasser kuliko kelele. "Nilikuwa najiona mjinga kila siku. Nilikuwa narudi nyumbani najiuliza, mbona mwalimu haniambii kitu kipya, labda kiwango changu ni cha chini hata sistahili. Nilikuwa nasoma mara mbili ili unisifu."

Abdulnasser hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amefikiria digrii, Susan, Mohamud, mama yake, hata shangazi wa Malindi. Hili halikuwahi kumpitia kichwani.

"Nisamehe," alisema, na safari hii hakuongeza neno.

"Nenda umwambie baba. Sasa hivi, kabla Mwaringa hajafika sokoni. Mimi nakuja nyuma yako. Nataka kuuona uso wako."

Mohamud alikuwa akimpimia mteja mchele. Abdulnasser alisimama mbele ya mizani na kusema yote, kuanzia joho la binamu. Mteja akasahau mchele wake. Lul akatoka stooni na kuegemea mlango. Abdulnasser alipomaliza, Mohamud alifuta mikono kwenye kikoi.

"Ngoja nielewe," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Mimi nilileta mwalimu. Mwalimu ni mwanafunzi. Mwanafunzi ni mwalimu. Na maziwa nilikuwa namletea nani?"

"Mimi. Na Nuriya."

"Hibaq hakupata."

"Hakupata."

Hapo Lul akapiga paja kwa kiganja, mlio kama wa mlango. "Mimi nilikuwa nachunga mikono yake!" alilia. "Siku zote nachunga mikono, macho yananiuma! Kumbe mwizi ni kichwa!" Akamrushia kandambili, ikampiga mteja.

"Kama ungeniambia unataka kusoma pamoja naye," Mohamud akauliza, "ningekubali?"

Abdulnasser akafikiri. "Hapana."

"Hapana," Mohamud akakubaliana naye. "Lakini umenidanganya."

"Kwa kweli sikuwahi kusema kwa kinywa changu kwamba nina—"

"Injinia. Nyamaza."

Mohamud akamalizia kupima mchele, akampa mteja, na mteja hakuondoka. Kisha akatoa hukumu. Maziwa yaliyonywewa hayarudi, na yeye si mtu wa kumdai jirani kitu kilichoko tumboni. Lakini Abdulnasser alichukua mshahara wa ualimu, kwa hiyo atafundisha. Lul ana dada yake Minneapolis, Marekani, ambaye hawajaonana tangu ujana, ana simu kubwa ambayo wajukuu walimnunulia, na hakuna hata mmoja nyumbani mwenye subira ya kumfundisha kuitumia.

"Utamfundisha mpaka ajue," alisema Mohamud.

Hibaq, aliyekuwa amekunja uso tangu ukumbini, akaangua kicheko hadi akashika gunia.

Kabla ya magharibi mji mzima ulikuwa umeshajua. Kwa majuma kadhaa vijana wa bodaboda hawakumsalimu Abdulnasser kwa salamu nyingine: "Vipi, Injinia?" mmoja ataita, na wenzake wataitikia kwa pamoja, "Nakamilisha!" Alimpigia mama yake Kipini akamweleza. Mama akasema picha ataiacha palepale, maana msumari umeshatoboa ukuta. Kwa Susan alikwenda mwenyewe asubuhi iliyofuata. Susan alimsikiliza mpaka mwisho, akasema nafasi ya mkuu wa kitengo itatangazwa na kila mtu aombe, yeye akiwemo, kisha akamwambia printa imekwama.

Matokeo yalitoka maji yalipokuwa yameshaondoka na watu wa Wema wameanza kupanda upya. Wote wawili walifaulu. Hibaq alipata alama za kutisha. Abdulnasser alipata za kutosha. Hibaq ndiye aliyekuja kumwonyesha, akiwa na simu mkononi, na wakasimama nje ya ofisi ya ushirika wakizisoma tena na tena. Hakumwambia amemsamehe. Alimwambia tu kwamba jibu lake la hesabu lazima lilikosewa, maana alimsikia akinung'unika, na wakabishana juu ya asilimia ile mpaka wote wakachoka.

Nafasi ya mkuu wa kitengo Hibaq aliiomba na akaipata, na Abdulnasser ndiye fundi wake hadi leo. Watu walimtazamia awe na kinyongo. Hana. Nuriya anasema hana kinyongo kwa sababu hana nafasi, jioni zake zote zina mwenyewe.

Maana Lul hajahitimu. Baada ya alasiri, stooni, Abdulnasser humkuta ameshakaa na simu mapajani, ameishika kama kitu kinachoweza kuuma. Kwanza alikataa kugusa kioo kwa kidole, akasema ni kumchokonoa mtu machoni. Kisha akakubali kugusa, lakini kwa nguvu, na mara akampigia mtu asiyemjua huko Wajir na kuzungumza naye nusu saa, wakaelewana. Kila Abdulnasser anapomwambia abonyeze kijani, Lul huuliza kwa nini isiwe nyekundu, na jibu lolote halimridhishi.

Juzi hatimaye dada wa Minneapolis alipokea, na picha ikatokea. Lul aliposikia sauti ile, aliinua simu na kuibana sikioni kwa mikono miwili.

"Bibi, itoe sikioni. Anaona sikio lako tu."

"Acha aone. Ni sikio lake pia, tumezaliwa mama mmoja."

"Na wewe humwoni!"

"Namsikia!" Lul akafoka, na sauti yake ikakatika katikati. Akashusha simu polepole. Kwenye kioo alikuwako mwanamke mzee mwenye shungi la kahawia, karibu mno na kamera, analia na kucheka na kumkaripia mtu aliyekuwa nyuma yake. Lul akagusa kioo taratibu kwa kidole, pale kwenye shavu la dada yake. Kabla hajaikata, Abdulnasser akaichukua simu na kuishika mbele yake, wakaanza kuzungumza Kisomali kwa kasi, wote wawili kwa wakati mmoja.

Bega lilimuuma. Alibadilisha mkono. Baada ya muda wale wazee wawili walimgeukia, mmoja kutoka mkekani na mmoja kutoka Marekani, wakasema kitu na kucheka hadi wakakohoa.

"Wanasema nini?" Abdulnasser alimuuliza Hibaq, aliyekuwa amekuja kuchukua sukari.

"Ayeyo anamwambia dada yake wewe ni nani."

"Anasema mimi ni nani?"

Hibaq akasikiliza kidogo, akaweka sukari kwenye mfuko. "Bado anaeleza," alisema, akarudi dukani.